Makomando: Marekani inajenga kazi ya maisha, Kongo inajenga batalioni

Batalioni ya 391 ilimaliza mafunzo Kisangani mwezi wa tisa 2010 ikiwa na sifa nyingi. Askari karibu 750 walikuwa wamekaa miezi kadhaa Camp Base pamoja na wakufunzi wa Kiamerika. Walifundishwa kupiga shabaha, kuvizia, kutibu majeruhi, hata kulima na kufuga samaki ili wasiende kunyang'anya raia chakula. Somo la haki za binadamu pia lilikuwemo. Hiyo ndiyo ilikuwa batalioni ya mfano, ile ambayo jeshi zima la FARDC lingeiga.

Miaka miwili baadaye, tarehe 20 mwezi wa kumi na moja 2012, M23 waliingia Goma. Jeshi la serikali likarudi nyuma mpaka Minova, katika eneo la Kalehe, Kivu ya Kusini. Yaliyotokea huko kwa siku kama kumi yanajulikana. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2013 ilihesabu wanawake 102 na wasichana 33 waliobakwa na askari wa serikali, na batalioni mbili za makomando zilitajwa mbele ya nyingine: ya 41 na ya 391. Kesi ilipofanyika Goma, washitakiwa walikuwa 39. Hukumu ilitoka mwezi wa tano 2014, na ni wawili tu waliopatikana na hatia ya ubakaji.

Tangu wakati huo kuna maelezo mengi. Wako wanaosema Wamarekani walifundisha vibaya. Wengine wanasema Mkongomani hafundishiki, neno la aibu ambalo husemwa hata na Wakongomani wenyewe wakiwa kwenye glasi ya bia. Wengine wanalaumu makamanda walioacha askari wao bila chakula na bila amri wakati wa kurudi nyuma. Hilo la mwisho lina ukweli mwingi, ingawa halimwondolei mbakaji hata chembe ya hatia. Lakini kuna jambo moja ambalo halizungumzwi: wakufunzi walileta Kisangani mazoezi ya komando, hawakuleta kazi ya komando. Vitu hivyo ni viwili. Huko kwao Wamarekani wanajua tofauti yake vizuri, kwa sababu iliwachukua miaka mingi na maiti nyingi kuijua.

Vijana wengi wa Goma, Bukavu, Bunia na Lubumbashi wanavijua vikosi maalum vya Marekani kupitia filamu. Kwenye kinyozi ubishi ni ule ule: nani mkali zaidi, Navy SEAL au Green Beret? Swali hilo halina jibu, na hata likipata jibu halimsaidii mtu. Swali lenye faida ni lingine: kijana akiingia kikosi hiki au kile akiwa na miaka 20, atakuwa nani akifika miaka 40? Hapo ndipo matawi ya jeshi lile yanapotofautiana kweli.

Wachukuliwe kwanza hao SEAL wa jeshi la majini, kwa kuwa ndio wenye jina. Mafunzo yao ya kwanza yanafanyika Coronado, California, kwa wiki 24. Ndani yake kuna juma moja linaloitwa la jehanamu: siku tano na nusu za baridi, mchanga, maji ya bahari na mbio, na usingizi wa jumla ya saa kama nne tu. Anayeshindwa anapiga kengele mara tatu na kuweka kofia yake chini. Wengi wanaipiga. Watu wanapenda kusimulia sehemu hiyo, lakini hawasimulii kwamba mwezi wa pili 2022 kijana mmoja alifariki saa chache baada ya kumaliza juma hilo, na uchunguzi wa jeshi la majini uliotolewa 2023 ukakuta kasoro kubwa katika namna waganga walivyokuwa wakiwafuatilia wanafunzi. Hata kwa matajiri, kuchuja watu kwa ukali bila uangalizi kunaua. Kwa upande wa kazi, SEAL ni mtu wa kuvamia. Anafika kwa maji, anapiga, anaondoka. Ni kazi ya heshima, lakini inakula mwili, na akiwa na miaka 38 magoti yake na mgongo wake ni vya mzee.

Rangers wa jeshi la nchi kavu nao ni wavamizi, ila ni vijana zaidi na wanafanya kazi kwa makundi makubwa. Kwa wengi wao ni mlango: wanapita pale, kisha wanaendelea mbele au wanarudi uraiani. Ndio waliopigana Mogadishu mwezi wa kumi 1993, pamoja na watu wa Delta na marubani wa helikopta wa kikosi cha 160. Wamarekani 18 walikufa katika vita ile.

Green Berets ni kitu kingine kabisa, na ndio ambao Kongo imewaona kwa macho. Timu yao ina watu 12. Kuna kapteni, kuna msaidizi wake mwenye cheo cha ufundi, kuna sajenti mkubwa wa timu na sajenti wa upelelezi, halafu wawili wawili: wawili wa silaha, wawili wa ujenzi na baruti, wawili wa matibabu, wawili wa mawasiliano. Mpango huo wa wawili wawili si mapambo. Timu inaweza kukatwa katikati, sita huku na sita kule, na kila nusu ikabaki na mganga wake na mtu wake wa redio. Kila kundi lao lina sehemu yake ya dunia. Kundi la tatu, lenye makao yake Fort Bragg huko North Carolina, lina Afrika. Wanasomeshwa lugha. Kazi yao hasa ni kufundisha na kuongoza jeshi la wengine kuliko kupigana peke yao, na kwa hiyo mtu wa miaka 40 ana thamani kuliko wa miaka 22, maana ameshakaa na wazee wa vijiji, ameshakosea, ameshajifunza kunyamaza. Rais Obama alipotuma washauri wa kijeshi kama 100 mwezi wa kumi 2011 kusaidia kuwatafuta LRA, baadhi yao walifika Dungu, Haut-Uele. Kony hakukamatwa mpaka operesheni ikafungwa 2017. Lakini wakaaji wa Dungu waliona sajenti wenye mvi kidogo wakikaa kwenye ramani na maofisa vijana wa Kongo, na sajenti ndiye aliyekuwa anaeleza.

Kuna somo lililofichika hapo. Special Forces za Marekani zilianzishwa 1952, lakini zilifanywa tawi kamili la jeshi mwaka 1987 tu. Katikati ya hapo, kwa miaka 35, afisa aliyependa kazi ile na kukaa humo muda mrefu alijiharibia vyeo. Jeshi la kawaida lilimwona kama mtu aliyepotea njia. Wenzake waliokaa kwenye vifaru na mizinga walipanda, yeye akabaki kapteni mwenye hadithi nzuri. Walio werevu walipita haraka wakarudi kwenye njia kuu. Ujuzi ukawa unaingia na kutoka kama maji kwenye kikapu.

Marines walirudia kosa hilo hilo miaka mingi baadaye. Walipounda kikosi chao maalum mwezi wa pili 2006, walichukua askari, wakawafundisha kwa gharama kubwa, wakawatumia miaka mitatu mpaka mitano, halafu wakawarudisha kwenye vikosi vya kawaida kama kanuni ya Marines ilivyotaka. Mwaka 2011 ndipo walipokubali kuandika kazi hiyo kama fani yenyewe, ili sajenti aingie humo na kubaki humo mpaka kustaafu. Miaka mitano ya kupoteza watu, na jeshi hilo lilikuwa na mfano wa jirani yake mbele ya macho.

Jeshi la anga linasahauliwa katika ubishi wa kinyozi, na pengine ndilo lenye jambo kubwa zaidi la kuifundisha Kongo. Lina watu wawili wa ajabu. Wa kwanza ni waokoaji, wanaoruka kwa mwavuli au kushuka kwa kamba kutoka helikopta ili kumtoa majeruhi katikati ya risasi. Ni makomando na ni waganga wa dharura wenye cheti kinachotambuliwa na hospitali za raia. Wa pili ni waongoza ndege wa vitani, nao wana leseni ileile ya watu wanaokaa kwenye mnara wa uwanja wa ndege. Mwezi wa kwanza 2010, tetemeko la ardhi lilipoibomoa Port-au-Prince, mnara wa uwanja ule haukufaa tena. Watu hao walikaa kwenye meza ya kukunja pembeni ya njia ya ndege, redio mgongoni, wakaziongoza ndege za misaada za dunia nzima zitue na kuondoka moja baada ya nyingine. Hakuna risasi iliyopigwa. Mafunzo yao yanachukua karibu miaka miwili, na mtu akitoka jeshini hahitaji kuomba kazi ya ulinzi kwenye geti la tajiri. Ana ufundi.

Matawi hayo manne yana desturi tofauti na hayapendani sana. Yalikuwa hayapendani kiasi kwamba mwezi wa nne 1980, walipojaribu kuwaokoa mateka wao Iran, kila tawi lilitaka kipande chake, helikopta ikagongana na ndege jangwani, wakafa watu 8 bila adui kufyatua hata risasi moja. Kutokana na aibu hiyo bunge lao lililazimisha amri moja ya vikosi maalum, iliyoanza tarehe 16 mwezi wa nne 1987, yenye makao yake Tampa, Florida, na bajeti yake yenyewe. Majenerali wengi hawakuipenda. Bunge halikuwauliza.

Na chini ya tofauti zote kuna meza moja ya mishahara. Sajenti wa SEAL na sajenti wa Green Beret wenye cheo sawa na miaka sawa ya kazi wanapata mshahara wa msingi ule ule, kama apatavyo mpishi wa jeshi mwenye cheo hicho. Kinachozidi ni nyongeza: ya kuruka kwa mwavuli, ya kupiga mbizi, ya kujua lugha, ya hatari. Meza hiyo iko wazi kwenye intaneti. Mke wa sajenti anaweza kufungua simu yake jikoni na kuona bwana yake anapata kiasi gani, na bwana hana pa kujificha. Akitimiza miaka 20 ya kazi anastaafu na pensheni ya kila mwezi mpaka kufa. Kwa walioingia tangu 2018 ni asilimia 40 ya wastani wa mshahara wao wa msingi wa miaka mitatu mikubwa, pamoja na akiba yao, na kwa waliotangulia ni asilimia 50. Kwa hiyo sajenti wa miaka 17 kazini ana kitu cha kupoteza. Akiiba, akibaka, akinyamazia uovu wa wenzake na kesi ikafika mahakamani, nyumba yake inaweza kuanguka.

Hiyo haimaanishi wao ni malaika. Mwezi wa sita 2017 sajenti wa Green Berets aliuawa Bamako, na waliofikishwa mahakamani kwa kifo chake walikuwa makomando wenzake wanne, wawili wa SEAL na wawili wa Marines. Mwaka 2020 amri yenyewe ya vikosi maalum ilitoa uchunguzi kuhusu tabia za watu wake, ikakiri kwamba kwa miaka mingi walikuwa wamejali operesheni kuliko uongozi na nidhamu. Wakatumwa tena na tena vitani mpaka ndoa zikavunjika na wengine wakajiua. Tofauti ni kwamba kuna mtu wa kuuliza, na kuna faili.

Sasa Kongo. Inaumiza kusema, lakini nchi hii iliwahi kuwa na makomando wenye sifa. Mwezi wa tano 1978, wakati wa vita vya Kolwezi, kabla Wafaransa wa Legioni hawajaruka, askari wa mwavuli wa Zaire chini ya meja Mahele walisonga mpaka uwanja wa ndege wa Kolwezi na kuushika. Baada ya hapo Ufaransa iliijenga brigedi ya 31 ya askari wa mwavuli. Wakati huo huo Mobutu alikuwa na DSP yake, kikosi cha kumlinda, kilichofundishwa na Waisraeli. Korea ya Kaskazini nayo ilikuwa imemjengea divisheni ya Kamanyola. Kila rafiki na jeshi lake. DSP walilipwa na kuvalishwa vizuri. Wa brigedi ya 31 walisahauliwa mishahara.

Mwisho wake Kinshasa inaukumbuka. Tarehe 23 mwezi wa tisa 1991 ni askari hao hao wa mwavuli, wa kambi ya CETA karibu na uwanja wa Ndjili, walioanza kupora kwa sababu ya mshahara, na mji mzima ukawafuata. Mwezi wa kwanza 1993 askari walilipwa kwa noti za zaire milioni 5 ambazo wafanyabiashara walizikataa, wakapora tena, safari hii DSP ikawapiga risasi. Mahele, aliyekwisha kuwa jenerali, aliuawa kambi Tshatshi usiku wa tarehe 16 mwezi wa tano 1997, alipokwenda kuwaomba DSP wasiigeuze Kinshasa uwanja wa vita. Komando bora wa Zaire aliuawa na kikosi maalum cha Zaire.

Mtu angedhani somo limeeleweka. Lakini tazama miaka ya baadaye: Wabelgiji wamejenga batalioni za makomando Kindu, kambi Lwama, za 321, 322 na 323. Wamarekani wamejenga ya 391 Kisangani. Wengine wamefundisha batalioni nyingine za vikosi vya kuingilia haraka. Gadi ya rais imebaki na njia yake, vifaa vyake na marupurupu yake. Mkufunzi akimaliza mkataba anapiga picha, anapanda ndege. Batalioni inabaki na namba. Kisha, badala ya kufanya kazi ya komando, inapelekwa kwenye kilima kukaa miezi kama askari wa kawaida, mpaka viatu vinaisha.

Hata hivyo Kongo iliona pia kinachowezekana. Mwaka 2013 batalioni ya 42, ya kanali Mamadou Ndala, ilipigana Kibati na Rutshuru kwa namna iliyowafanya mama wa soko la Virunga kutandika vitenge barabarani. Aliuawa karibu na Beni tarehe 2 mwezi wa kwanza 2014, na wakaaji wa Goma wakalia kama wamefiwa na ndugu. Lakini swali gumu halikuulizwa katika machozi yale: kwa nini ubora wa batalioni nzima ulikuwa umesimama juu ya mtu mmoja? Katika jeshi lenye njia ya kazi, kanali akifa kuna meja aliyeandaliwa, na chini yake sajenti kumi wenye miaka 15 ya ujuzi. Huko Wamarekani wanasema wazi kwamba timu ni ya sajenti, kapteni anapita tu. Kwetu sajenti ni mtu wa kubeba begi la mkubwa.

Jibu linalotolewa kila mara ni umaskini. Nchi iko vitani, haina feza, haiwezi kungoja miaka kumi kumtengeneza komando mmoja. Jibu hilo lilikufa mwezi wa kwanza 2025, siku Goma ilipoanguka mara ya pili. Karibu Waromania 300 waliokuwa wakilipwa kusaidia jeshi walijisalimisha, wakapitishwa Gisenyi na Kigali, wakarudi kwao. BBC iliona mikataba yao: dola 5000 kwa mwezi kwa wale wa juu, na dola 3000 hata wakiwa likizo. Askari wa Kongo aliyekuwa nao kwenye handaki moja alikuwa anapata kama dola 100, zikifika. Kwa mshahara wa Mromania mmoja mkubwa, Wakongomani 50. Feza ilikuwepo. Ilikwenda kununua ujuzi wa mwaka mmoja kutoka mbali, ujuzi ambao uliondoka kwa basi.

Ziko hatua ambazo hazihitaji hata mfadhili. Sheria ya mwezi wa kwanza 2013 kuhusu hali ya mwanajeshi inaweza kupata kanuni zinazoifanya kazi ya komando kuwa fani yenye ngazi zake: mtu anaingiaje, anapandaje, anakaa miaka mingapi mbele, anarudi nyuma lini kufundisha wengine, anastaafu na nini, na mjane wake anamwona nani. Meza ya mishahara inaweza kuwa moja kwa gadi ya rais na kwa komando wa Kindu, nyongeza zikafuata ujuzi na hatari badala ya ukaribu na ikulu. Kongo imewahi kufanya kitu cha namna hiyo: kuanzia 2005, kwa msaada wa ujumbe wa Ulaya ulioitwa EUSEC, askari walihesabiwa mmoja mmoja, wakapewa kadi, na njia ya mshahara ikatenganishwa na mkono wa kamanda. Askari hewa kwa maelfu walitoweka kwenye orodha. Majenerali walinung'unika, nchi haikuanguka.

Na kama kuna fani moja ya kuiga kutoka matawi yale manne, isiwe ya SEAL. Wavamizi wapo, kijana wa Masisi au wa Fizi hahitaji juma la jehanamu huko California kujua baridi na njaa. Kinachokosekana ni yule mwokoaji wa jeshi la anga. Mwanzoni mwa 2025 hospitali ya CBCA Ndosho mjini Goma, inayosaidiwa na Msalaba Mwekundu wa kimataifa, ilijaa majeruhi mpaka wakalazwa chini. Wangapi walikufa njiani kwa jeraha la mguu ambalo mkanda mmoja uliokazwa vizuri ungelizuia? Askari anayejua kwamba akipigwa kuna mtu atakayemfuata anasimama. Anayejua kwamba ataachwa anakimbia, na akikimbia anapita kijijini mwa watu. Minova ilikuwa kijiji cha namna hiyo.

Pamoja na hao, nchi yenye Tanganyika, Kivu, Albert, Edward na mto mkubwa kuliko yote Afrika kwa wingi wa maji ingepaswa kuwa na makomando wa maji wenye mashua zao na mafundi wao, na si vikundi vinavyoazima mtumbwi wa mvuvi. Jeshi la majini la FARDC ndilo mtoto yatima wa familia hiyo.

Kuna watu ambao hawatangoja. Mwaka 2016, na tena 2023 na 2024, Kongo ilikuwa nchi ya kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani. Kijana aliyezaliwa Fizi, akakulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, leo yuko Texas au Kentucky na ana kadi ya ukaaji. Kadi hiyo inamruhusu kujiandikisha jeshini. Akipata uraia, mlango wa Green Berets uko wazi kwake kama kwa mwingine yeyote. Anajua Kiswahili, Kifaransa, labda Kibembe na Lingala. Kwa timu ya kundi la tatu, huyo ni dhahabu. Siku moja anaweza kushuka Kisangani akiwa mkufunzi, mwenye bendera ya wengine begani, kufundisha wadogo zake. Ndugu yake aliyebaki Fizi ana njia mbili tu: Wazalendo, ambako hakuna mshahara wala cheo kinachotambuliwa, au FARDC, ambako atapewa namba ya batalioni.

Aliyeingia Camp Base mwaka 2010 akiwa na miaka 25 sasa yuko karibu na miaka 40. Mwenzake wa Fort Bragg wa umri huo ni sajenti mkubwa wa timu, amebakiza miaka michache afike pensheni. Wizara ya ulinzi ingeweza kuanza na kazi ndogo: kuwatafuta wale 750 wa batalioni ya 391, jina kwa jina, na kuliambia bunge ni wangapi wako hai, wana cheo gani, wangapi wana kesi ya kujibu kuhusu Minova, na mwisho wa mwezi uliopita walipokea franga ngapi.